Kompyuta yetu ilipokataa kuonyesha kitu

Juma lililopita gazeti hili halikuwafikia, na wengi mliuliza kulikoni. Leo tunawaeleza, kwa sababu jambo lililotupata linaweza kumpata mama yeyote mwenye kompyuta ya zamani nyumbani, na kwa sababu tuna kosa la kuungama.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Usiku umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa. Tulipobonyeza kitufe, taa ya kompyuta ikawaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi kama chungu cha pondu. Tukazima, tukawasha tena. Kitu ni kile kile.

Mnajua kwamba ndani ya kompyuta hiyo hamna gazeti peke yake. Kuna orodha ya likelemba yetu: mama ishirini, kila mmoja franka 10,000 kila Jumamosi, na 200,000 zinakwenda kwa yule ambaye zamu yake imefika. Daftari la karatasi tuliliacha tangu mvua ilipoliharibu, tukasema, sasa tumeendelea. Juma hilo zamu ilikuwa ya mama mmoja wa Lubunga, ambaye mtoto wake alikuwa anangojea feza ya Mtihani wa Serikali. Mama huyo alisema alitoa mchango wa majuma mawili kabla ya kusafiri. Mtunza hazina wetu alikumbuka juma moja tu. Orodha ndiyo ingeamua, na orodha ilikuwa nyuma ya kioo cheusi.

Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema, “Ajabu, kompyuta imekufa juma hili hili.” Mwingine akacheka kicheko kisicho kizuri. Mtunza hazina alisikia, akafunga kitambaa chake, akarudi nyumbani bila kuaga. Hatukumfuata. Hilo ndilo kosa letu, na tutalirudia chini.

Fundi mmoja tuliyemwita alitazama dakika mbili, akasema kadi kubwa ya ndani imeungua, tulete dola 120 au tununue mashine nyingine. Tulikuwa tayari kufungua sanduku la akiba. Ndipo mama yetu mshonaji akainuka: “Cherehani yangu ikikataa, mimi sianzi kununua cherehani. Naanza na uzi, kisha sindano, kisha ndiyo natazama ndani. Ngojeni kwanza.” Akamwita binti yake anayesoma mambo ya kompyuta, na tukafanya kazi pamoja, tukianza na kilicho rahisi.

Kwanza kioo chenyewe. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka rangi ya machungwa, maana yake kina umeme lakini hakipati picha. Binti akachomoa waya wa picha upande wa kompyuta, akakizima kioo na kukiwasha. Kikaandika kwamba hakipati ishara. Tukafurahi: kioo kinachoweza kuandika hivyo hakijafa.

Pili waya. Ule wa zamani una kichwa cha buluu chenye vijiti 15, safu tatu za vitano. Kijiti kimoja kikipinda, picha inaharibika au inapotea. Vyetu vilinyooka. Hata hivyo tuliazima waya mwingine kwa jirani mwenye sekretaria ya fotokopi, tukakaza vile viskrubu viwili vya pembeni. Bado giza. Binti akatuonyesha jambo moja zaidi: kompyuta nyingine zina matundu mawili ya picha nyuma, moja la mashine yenyewe na moja la kadi iliyoongezwa. Kama kadi ipo, waya uchomekwe kwenye kadi. Yetu ilikuwa na tundu moja tu.

Tatu masikio. Tulizima redio, tukanyamazisha watoto, tukawasha. Ndani ikalia: pii, pii, pii, bila kuacha. Siku zote tulikuwa hatuisikii kwa kelele. Milio hiyo ni lugha ya mashine, na kila kiwanda kina lugha yake, lakini katika kompyuta nyingi mlio unaorudiarudia unaelekeza kwenye memori, vile vibao vyembamba vinavyoshika kazi wakati mashine inawaka. Binti alitutuliza mioyo hapo: maandishi yetu hayakai ndani ya memori hiyo, yanakaa kwenye diski. Hata mashine ikifa kabisa, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Tungalijua hilo Jumanne, maneno mengi yasingalisemwa.

Nne ndani. Tulichomoa waya wote wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda kidogo ili umeme uliobaki uishe, tukaishika bati la sanduku kabla ya kugusa kitu. Sanduku dogo la chuma linalopokea umeme, lile lenye feni yake, hatukulifungua, nanyi msilifungue kamwe: linaweza kuweka umeme hata baada ya kuchomolewa. Na mkisikia harufu ya kuungua, acheni, itaneni fundi mnayemwamini.

Mama, tulichokiona ndani ni aibu. Vumbi jekundu, utando wa buibui, na mende wawili waliokauka. Tulipiga mswaki laini, polepole. Binti akafungua vishikio viwili vya pembeni, akatoa vibao viwili vya memori. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa na ukungu mweusi, kwa maana mji wetu una unyevu mwaka mzima. Akaomba gome ya mtoto wa shule, akayasugua taratibu, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Akarudisha kibao kimoja tu, akakisukuma mpaka vishikio vikasema ta! Tukawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha kioo kikaangaza. Mama mmoja alipiga kigelegele hadi majirani wakaja. Kibao cha pili tulipokijaribu peke yake, giza lilirudi, basi tukajua ndicho kilichokufa. Kwa kibao kimoja mashine inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Tarehe kwenye kioo ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Hiyo ni pili ya mviringo iliyokwisha, kama ya saa, inaitwa CR2032, ya volti 3. Tuliibadilisha, tukarekebisha tarehe.

Kisha tukafungua orodha, sote tumesimama. Ukurasa wa mama wa Lubunga ulikuwa na majuma yote mawili, na aliyeandika ni mtunza hazina mwenyewe, siku ile ile alipopokea. Kichwa chake kilisahau, mkono wake haukudanganya. Mama wa Lubunga alisema kweli, na mtunza hazina hakuficha kitu.

Tulikwenda kwake jioni, sisi sote, na samaki na lituma. Tulimwomba msamaha tukiwa tumesimama uani, kama inavyopasa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Kompyuta mliipa siku tatu ya kuchunguzwa. Mimi hamkunipa hata saa moja.” Hatukuwa na jibu. Alituletea viti. Jumamosi alihesabu feza mbele ya wote, na mtoto wa Lubunga akapata ya mtihani.

Tangu hapo tumekata maneno haya. Kila Jumamosi orodha inaandikwa pia kwenye daftari, na mama wawili wanatia sahihi. Nakala inawekwa kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Umeme ukikatika, tunachomoa waya, tukingoja utulie kabla ya kuwasha. Kompyuta ikiwa imezimwa inafunikwa kitambaa, ikiwaka inafunuliwa ili ipumue. Na jambo likiharibika, tunaanza na uzi kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Mama mwenye kibao cha memori cha zamani nyumbani asikitupe, atuletee tukijaribu. Tuonane kikaoni Jumamosi.