Kumsomea Mtoto Asiyejua Kusoma

Kila Januari sisi walimu wa darasa la kwanza hapa Mazimbu hupokea watoto wapya. Mimi, kabla ya kumfundisha mtoto herufi yo yote, humpa kitabu cha picha nikamtazama. Mmoja hukifungua vema, akaanza kusema, "Huyu kuku, huyu mbuzi." Mwingine hukishika juu chini, au huficha mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa. Wote wana akili. Tofauti yao haikuanza shuleni; ilianza nyumbani, walipokuwa wadogo sana.

Maana wazazi wengi hudhani ya kuwa kitabu ni chombo cha mwanafunzi tu. Kikipatikana hufungiwa sandukuni kisije kikachanwa. Mzee mmoja, jirani yangu, aliniona nimempakata binti yangu ambaye hajatimiza miaka miwili, namfungulia kurasa. Akaniuliza, "Mwalimu, wamsomea asiyeweza hata kutamka jina lake?" Nikamjibu, "Babu, neno 'maji' alilijuaje? Hakuna aliyemfundisha. Alitusikia tukilitaja kila siku tulipompa kikombe." Mzee akacheka, akaketi nasi kutazama picha.

Kumsomea mtoto mdogo si kumfundisha alfabeti, bali ni kuzungumza naye juu ya picha. Mwonyeshe mbuzi, mtajie jina lake, kisha ungoje. Akisema "mee," mjibu, "Naam, mbuzi analia." Akitaka ukurasa ule ule mara kumi, rudia mara kumi, ndivyo anavyoshika maneno. Akichoka, kifunge, dakika tano zatosha. Akichana karatasi, usimpige, bali mshike mkono umwonyeshe jinsi ya kufunua polepole. Mtoto apigwaye kwa ajili ya kitabu hujifunza kukiogopa.

Wala asiseme mtu, "Mimi sikusoma, kazi hii si yangu." Mama mkwe wangu ni Mluguru wa milimani, hakupata kwenda shule. Lakini akipewa kitabu humpakata mjukuu wake, akaona picha ya mkungu wa ndizi, akamsimulia kwa Kiluguru habari za njia ya kushuka mlimani mpaka sokoni Morogoro. Hasomi hata neno moja lililoandikwa, walakini mtoto huitaja ndizi kwa lugha mbili.

Hapa petu tuna mfano mkubwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Watu hao walikuwa mbali na kwao, tena katika mapigano. Hata hivyo hawakujenga sekondari peke yake. Walifanya pia shule ya msingi, na shule ya watoto wadogo, na mahali pa kulelea wachanga. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ikiwa watu wasio na makao walimfikiria hata mtoto mchanga, sisi tulio kwetu tuna udhuru gani?

Hata waganga wameliona jambo hili. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto huko Marekani kiliwashauri madaktari wawahimize wazazi kuwasomea watoto kwa sauti tangu utotoni kabisa. Na katika nchi yetu, tangu mwaka 1991, uko Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliosaidia kutoa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili. Asiye na fedha za kununua, na achore kuku, jembe na chungu katika karatasi, azishone kwa uzi. Mtoto hataulizia bei yake.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Basi ndugu zangu, jioni ya leo, ugali ukiwa bado jikoni, toeni kitabu sandukuni, mwiteni mdogo wa nyumba, mkitazame pamoja.