Mlinzi wa Akiba Naye Ana Mpaka Wake

Akiba haiozi, walisema wahenga. Hata hivyo yaweza kuibwa, yaweza kuungua, na yaweza kupotea mikononi mwa mtu uliyemwamini. Jambo hili lilitushughulisha majuma mengi nyumbani kwetu Mutoyi, katika vilima vya Gitega, pale mume wangu aliporejea kutoka Somalia, alikokuwa na kikosi cha Burundi cha kulinda amani. Fedha aliyokuja nayo haikuwa nyingi, lakini ilikuwa thamani ya usiku mwingi wa hatari, na watoto wanne waliitegemea kwa karo.

Mama mkwe alishauri tununue ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe huzaa. Shemeji alitaka tuiingize katika chama chao cha kuwekeana na kukopeshana. Mume wangu alitaka kuifungia sandukuni. Nikamkumbusha mwezi wa Juni 2023, Benki Kuu yetu ilipoziondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, wananchi wakapewa siku kumi tu za kuzipeleka benki. Aliyekuwa ameficha fedha darini alihangaika. Sanduku hulinda karatasi. Thamani yake hailindi.

"Haya, mwanangu," akasema mama mkwe, "na hiyo benki yenyewe ikifa, utamdai nani?"

Swali hilo ni la haki, na halipaswi kuchekwa. Benki hufa. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa sababu mitaji yao ilikuwa imepungua mno. Miongoni mwao ilikuwamo Benki ya Wakulima ya Kagera, katika mkoa unaopakana na nchi yetu, pamoja na benki za wananchi za Njombe na Meru. Wenye akiba humo hawakuachwa mikono mitupu, kwani tangu mwaka 1994 Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana. Kila benki huchangia katika mfuko wa bodi hiyo, na mwenye akiba halipi hata senti. Benki ikifungwa, mfuko huo ndio unaomlipa.

Lakini mlinzi huyu ana mpaka wake, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wakati ule kiwango cha juu kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mtu katika kila benki. Aliyekuwa na 900,000 alistahili kulipwa zote. Aliyekuwa na 5,000,000 alistahili 1,500,000, na zile 3,500,000 zikabaki kungoja mali ya benki ikusanywe na kuuzwa, jambo linaloweza kuchukua miaka, na pengine zisirudi zote. Mwaka 2023 Tanzania ilipandisha kiwango hicho kufikia shilingi 7,500,000. Kenya nayo ilikipandisha chake mwaka 2020, kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000.

Mambo mengine mawili yafaa kujulikana. Kwanza, kufungua akaunti tatu katika benki ile ile hakuongezi kinga, maana zote huhesabiwa pamoja kuwa za mtu mmoja. Na ukiwa na deni la benki hiyo, hukatwa kwanza. Pili, bima ya namna hii ni ya benki iliyokufa. Haimfidii mtu aliyempa mwenzake namba ya siri, wala haivifikii vikundi vya upatu. Huko Tanzania hata vyama vya ushirika vya akiba na mikopo haviko chini ya bodi hiyo. Chama chaweza kuwa chema na viongozi wake waaminifu, lakini uaminifu si bima.

Basi tulipokwenda mjini Gitega tulibeba maswali matatu. Je, benki hii ina leseni ya Benki ya Jamhuri ya Burundi? Ikifungwa, ni nani atakayetulipa, kiasi gani, na kwa muda gani? Je, jambo hilo limeandikwa wapi, nasi tulisome? Mume wangu aliona haya kuuliza, akidhani ataonekana mshamba. Nikamwambia kwamba lindoni haoni haya kumwuliza apitaye, "Nani wewe?" Akatabasamu, akauliza mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka akaridhika.

Mwishowe tuliigawa fedha ile: ng'ombe mmoja kwa heshima ya mama, kiasi kidogo katika chama cha shemeji, na karo ya watoto katika benki mbili badala ya moja.

Ndugu msomaji, wewe unayelinda mipaka na mitaa ya nchi, usiuachie mshahara wako ulale mahali usipomjua mlinzi wake. Uliza jina lake, kisha uulize mpaka wake. Anayejua mpaka hashtukizwi usiku.