Sonatubes, tulipokuwa tukienda kwa miguu

Zamani pale Sonatubes, njia panda ya Kigali, vumbi la miguuni lilimtaja mtu anakotoka. Kabla barabara ya Nyamata haijatiwa lami, wa Bugesera walifika njia panda wakiwa wekundu hadi magotini. Wanaume walisukuma baiskeli zilizolemewa na ndizi, wanawake walikuwa na vikapu vya viazi vitamu kichwani na watoto mgongoni. Mbele ya kiwanda cha mabomba, ambacho ndicho kilichopaachia pale jina lake, walitua mizigo, wakapumua, wakasalimiana. Kisha kila mmoja akashika njia yake: huyu Rwandex na mjini, yule Remera.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Gahanga alfajiri akaja kwetu Biryogo na maharage ya msimu, akala chakula cha mchana, akarudi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemsifu kwa hilo wala kuliita mazoezi. Njiani alijua nani amefiwa, nani amejifungua, ng'ombe wa nani amepotea. Vibasi vya twegerane vilikuwepo, lakini nauli ilikuwa ya siku ya mgonjwa au ya harusi.

Leo barabara ile ni pana, ina taa, na pikipiki ziko kila kona. Sijutii lami. Imewawahisha hospitalini wajawazito wengi ambao zamani wangejifungulia njiani. Ninachosikitikia ni kile kilichoondoka pamoja na vumbi, na hatukukiona kikiondoka. Mashamba ya Gahanga yamegeuka viwanja vya nyumba, na tangu 2017 kuna hata uwanja wa kriketi. Shangazi hana tena shamba la kuliendea. Pikipiki inamchukua mlangoni na kumshusha mlangoni. Sasa ana presha, vidonge vyake viko juu ya kabati, na muuguzi amemwambia atembee. Aliniuliza, kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu, nitembee kwenda wapi?"

Swali lake halijanitoka, kwa sababu lina sehemu mbili. Mtu wa umri wake hawezi kuamka akazunguka mtaa peke yake bila sababu. Majirani watadhani amechanganyikiwa. Tena kwa watu wa rika lake, njia hii ya Sonatubes si njia tu. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO pale Kicukiro. Waliachwa watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao Watutsi. Watu hao walitoka kwa miguu wakitaka kufika uwanja wa Amahoro. Hapa Sonatubes walizuiwa, wakageuzwa, wakatembezwa kilima hadi kilima mpaka Nyanza ya Kicukiro, na huko wengi wao wakauawa. Kumbukumbu yao iko Nyanza. Kila Aprili watu hukusanyika pale. Vijana wanaopita njia hiyo wakifanya mazoezi wajue wanakanyaga wapi. Wengi wanajua, na nimewaona wakizima muziki wakikaribia.

Maana vijana hao wapo, na nawapenda. Tangu Mei 2016 jiji la Kigali hufunga baadhi ya barabara kuu kwa magari asubuhi ya Jumapili, mwanzo mara moja kwa mwezi, na tangu 2018 mara mbili. Maelfu hutoka kukimbia na kutembea, na watu hupimwa presha na sukari hapo hapo barabarani bila malipo. Kutokana na desturi hiyo vimezaliwa vikundi vya kupanda milima: mlima Kigali, Jali, Rebero. Watu wa ofisini, walimu, wauza maduka, wanapanda pamoja na kungojana.

Kungojana huko ndiko dawa yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walikusanya tafiti 42 za vikundi vya matembezi. Waliona presha ikishuka, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yakipungua, mafuta ya mwilini yakipungua, na walioacha njiani walikuwa wachache. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Shangazi alizimaliza kwa safari moja ya maharage. Lakini peke yake leo hazifikishi, na wala hazitafikishwa na karatasi ya ushauri. Atazifikisha akiwa na watu watakaomgongea mlango siku asipotokea.

Watu hao mjini wapo, vijijini bado ni wachache. Tulidhani kijiji hakihitaji, kwa kuwa kijijini wanalima. Wanaolima, ndiyo. Lakini fundi cherehani wa Mayange, huko Bugesera, anakaa kutwa nzima, mwenye duka anakaa, dereva wa pikipiki anakaa zaidi ya wote, na mzee aliyegawia watoto shamba anakaa akingoja jioni.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa vikundi vya Kigali, mnaokutana Sonatubes kabla hakujapambazuka: Jumamosi moja ya mwezi, isiyo ya umuganda, kazi yetu ya pamoja, msipande Jali. Shukeni Gahanga, vukeni mto Nyabarongo, nendeni Ntarama na Mayange. Washauri wa afya wa kila kijiji wanawajua walioambiwa watembee. Waulizeni. Wazee wapimwe kwanza, na mwendo uwe wao, si wenu. Kisha mkiondoka, waachieni kikundi chenye siku yake na kiongozi wake, mwenyeji wa hapo hapo.