Mwachieni Koko Ufagio Wake



Jumapili ya nne ya mwezi wa saba, siku ambayo tangu mwaka 2021 Kanisa huwakumbuka mababu, mabibi na wazee wote, tulikwenda kumtembelea koko mmoja anayeishi peke yake hapa Kabondo. Tulifua nguo, tukapika sombe, tukapanga upya vyombo vyake. Alipoinuka kuchukua ufagio, tulimpokonya kwa upole: "Koko, wewe kaa tu." Alikaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Sasa mimi nimebaki na kazi gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi kimya, na jioni ile tukajiuliza tulijifunza wapi kumwona mwanamke mzee kuwa mtu wa kukalishwa. Huenda sehemu ya jibu imo katika hadithi tulizolelewa nazo. Katika ngano nyingi bibi kizee hukaa pembezoni mwa kijiji, naye hana jina. Ama ni mchawi wa kuogopwa, ama ni mjuzi wa siri anayemwonyesha kijana njia, kisha hatumwoni tena. Ni mara chache tunaambiwa yeye mwenyewe anataka nini.

Lakini yako maandiko yanayomsikiliza. Tusome tena Kitabu cha Ruthu. Naomi amefiwa na mume na wana wawili katika nchi ya Moabu. Anarudi Bethlehemu na kuishi kwa masuke ya shayiri ambayo mkwewe anaokota mashambani. Hafichi majonzi yake: anawataka wanawake wa mji wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Hata hivyo ndiye anayetafuta namna ya kumpatia Ruthu makao, ndiye anayemweleza la kufanya mbele ya Boazi. Ruthu anatoa nguvu za mikono. Naomi hanyang'anywi akili wala neno. Mwishoni anampakata mtoto Obedi na kuwa mlezi wake.

Tumkumbuke pia Mwana Kupona wa Pate. Mwaka 1858 alikuwa mjane na mgonjwa, ingawa hakuwa kikongwe. Katika utenzi wake anamwita bintiye aketi karibu, na wino na karatasi. Si kila wosia wake juu ya mke na mume tutakaoukubali leo. Lakini mwili ulipodhoofika, neno lilibaki lake.

Hapo ndipo tulipokosea. Upendo wetu ulikuwa wa kweli, ila hatukumwuliza mwenye nyumba. Kumsaidia mzee ni kumpa nguvu asizo nazo, na kumwachia zile alizo nazo.

Juma lililofuata tulirudi, tukauliza kwanza. Koko alituonyesha pipa la kujaza maji na kuni za kupasua. Kisha akashika ufagio, akafagia uwanja wake polepole, akipumzika mara mbili. Ilichukua muda mrefu. Tuliketi, tukamngoja.