Limuzini ya Harusi na Masharti ya Kukodi



Ndugu wazazi na walezi, msimu wa harusi umetufikia tena hapa Rubavu, na safari hii swali ninaloulizwa baada ya darsa si la mahari wala la mashahidi wa nikahi. Ni la gari. Kijana niliyemsomesha Juzuu Amma tangu hajang'oa meno ya utotoni alinijia na picha kwenye simu: Mercedes la zamani, jeusi, refu, la kukodishwa pamoja na dereva wake kutoka Kigali. Mwenyewe anasema hakuna la pili nchini. Wakwe watarajiwa wamelipenda. "Mwalimu, ni halali?"

Jibu halina mzunguko. Kukodi chombo cha kupanda ni ijara, na ijara inaruhusiwa. Waliotutangulia walikodi punda na ngamia, sisi tunakodi gari. Uzuri wa chombo nao si haramu. Surat An-Nahl inapotaja farasi, nyumbu na punda, inataja kupandwa na inataja pambo pia. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema Mwalimu kakataza limuzini.

Baba wa magari haya ni Mercedes-Benz 600. Lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963, likaundwa hadi 1981, na kwa miaka yote hiyo yalitoka 2,677 tu. Lile refu, Pullman, lina mita 6.24 na injini ya silinda 8 yenye lita 6.3. Madirisha, viti, hata kifuniko cha buti vinasukumwa na mafuta yaliyomo ndani ya mabomba, kimya kabisa. Mabomba hayo yakianza kuvuja, fundi wa kawaida anashika kichwa. Waliokuwa nayo ni kina Jomo Kenyatta, Idi Amin na Mobutu, ambaye alikuwa na nyumba kando ya ziwa letu hili la Kivu, upande wa Goma. Kiswahili kilishawatungia jina wakubwa wa namna hiyo: Wabenzi. Leo magari ya aina hiyo yanakodishwa kwa saa, bwana harusi akae pale alipokaa rais. (Anayetaka kuona fahari bila kuilipia aende Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam; ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere.)

Lakini uadimu huo ndio unaoleta maneno. Katika fiqhi yetu ya Kishafi, ukikodi gari kwa sifa zake tu, likiharibika mwenyewe analazimika kuleta jingine lenye sifa hizo. Ukikodi gari hilihili maalumu, likifa njiani ijara ya muda uliobaki imevunjika na fedha yake inarudi. Sasa gari lisilo na la pili utalikodi vipi kwa sifa? Kutoka Kigali mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 150 za kupanda na kushuka milima. Likichemka Musanze fedha utarudishiwa, sawa, lakini bibi harusi atapanda nini?

Kisha kuna arabuni, ile fedha ya kushikilia ambayo ukighairi imeliwa. Maulamaa wengi waliikataa, Imamu Ahmad akairuhusu, na mwaka 1993 Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ikaikubali kwa sharti kwamba muda uwekwe. Iandikwe basi. Iandikwe pia mafuta ni ya nani, saa zinaanza kuhesabiwa Kigali au Rubavu, na dereva atalala wapi na kula nini. Nimeona madereva wakikaa ndani ya gari tangu asubuhi, harufu ya pilau ikiwapitia dirishani.

Kijana alimpigia mwenye gari mbele yangu, akauliza yote hayo. Bwana yule alijibu kwa ukweli, Allah amlipe. Tulipojumlisha na safari ya kwenda na kurudi, ilizidi kodi ya miezi minane ya chumba alichokuwa amepanga waanzie maisha. Nikamwambia karatasi ile ampelekee mkwewe, si kwa kulalamika, bali aione tu. Mzee aliisoma mara mbili. Kumbe alidhani ni bei ya teksi ya mjini iliyoongezwa kidogo! Alichokuwa akikitaka, alisema, ni majirani wasimcheke.

Ndipo mtu mmoja akakumbuka kumuuliza binti. Alikuwa hajaulizwa na yeyote tangu maneno yaanze. Akasema yeye anataka bibi yake, ambaye miguu imemchoka, apande naye gari moja siku hiyo.

Ilitumika Toyota ya mjomba, imeoshwa na kufungwa maua. Bibi alikaa mbele, karibu na dereva, na barabara ya ziwani alimwamrisha apunguze mwendo mara tatu.