Risasi ina mbio kuliko mlio wake

Kila mara milio inaposikika usiku hapa Goma, wasikilizaji wa redio wananiuliza swali moja: "Muandishi, risasi inakimbia mbio namna gani?" Wengine wanataka kujua kama mtu akisikia mlio anapata muda wa kuinama. Wengine wanauliza kama mbao za nyumba zinaweza kumkinga mtoto. Leo nijibu kwa hesabu, maana uvumi tunao wa kutosha.

Huko Marekani na Kanada, watu wanaofanya mazoezi kwenye uwanja wa kulenga shabaha wana kisanduku kidogo cha rada. Wanakiweka pembeni ya bunduki, kikitazama upande wa shabaha. Mtu anapiga, na palepale namba inaonekana kwenye kioo: mita kadhaa kwa sekunde. Wanapiga risasi nyingi za aina moja ili waone kama mwendo wake unalingana, kwa sababu risasi zenye mwendo tofauti hazigongi mahali pamoja.

Mimi mtu wa redio nilivutiwa, kwani kisanduku hicho kinatumia mawimbi ya redio kama sisi, ila kwa masafa ya juu sana kupita FM. Mawimbi yanatoka, yanagonga kitako cha risasi, yanarudi. Kwa kuwa risasi inazidi kwenda mbali, mawimbi yanarudi yakiwa na masafa yaliyoshuka kidogo. Kifaa kinapima tofauti hiyo na kutoa mwendo. Ni Christian Doppler wa Austria aliyeeleza jambo hilo mwaka wa 1842. Hata wewe unalijua: motari akikupita mbio huku anapiga honi, sauti ni nyembamba akija, inakuwa nzito akienda. Na mama aliyesikilizishwa moyo wa mtoto tumboni kwa kile kifaa cha mkononi amelikuta pia, ila pale ni mawimbi ya sauti.

Zamani kazi ilikuwa ngumu. Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha 1742, alieleza namna ya kupiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia, kisha kupima umefika wapi uliporudi nyuma. Baadaye vikaja vifaa vyenye macho mawili: risasi inapita juu ya la kwanza, kisha la pili, na saa inahesabu muda wa katikati. Mwanga wa jua ukibadilika vinaweza kukosea, na mtu akilenga chini kidogo anavivunja. Rada haiguswi na risasi.

Sasa namba zenyewe. Risasi ya Kalashnikov, bunduki tunayoiona kila siku, inatoka mdomoni kwa karibu mita 715 kwa sekunde. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Maana yake risasi inakimbia mara mbili ya mlio wake. Mtu akikupigia kutoka mita 300, risasi inafika baada ya nusu sekunde na kidogo, mlio wa bunduki unafika karibu na sekunde 0.9. Katika rekodi nilizofanya mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, ninasikia sauti mbili: kwanza "ta!" kali, kisha "bumu" ya mbali. Ile ya kwanza ni risasi inayopasua hewa karibu. Ya pili ndiyo bunduki.

Mama mmoja aliniambia hakusikia chochote kabla mwanawe hajaanguka. Jirani zake walisema ni uchungu unaongea. Hapana, ndugu zangu. Mama yule alisema kweli.

Kuhusu ukuta: risasi hiyo ina uzito wa gramu 8 hivi tu, lakini nguvu inapanda kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ni mara nne. Mbao na mabati yetu hayaisimamishi. Mawe ya volkano yaliyojengwa chini ya nyumba nyingi yanakinga zaidi.

Na wale wanaopiga hewani kwa furaha au kwa pombe? Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani, aliandika juu ya majaribio ya risasi zilizopigwa wima: zilirudi chini kwa karibu mita 90 kwa sekunde, ndiyo zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hiyo inatosha kuua mtu ikimpata kichwani. Ikipigwa kwa kuinama kidogo ni mbaya zaidi, kwa sababu inabaki na mwendo mkubwa na kuangukia mtaa mwingine, ambako hakuna anayejua nani amepiga.

Kwa hiyo, ukisikia mlio, risasi ile tayari imepita. Lala kwa ajili ya ile inayofuata. Usikimbilie dirishani kuangalia, usisimame mlangoni na simu ya kupiga picha. Lala chini, watoto kwanza, nyuma ya mawe kama yapo. Na wewe mwenye bunduki unayesoma hapa, askari jeshi, polisi au mwingine: hewani pia kuna watu, ni sisi tunaolala chini ya mabati.