Tulimwambia Akalale

Hakuna apendaye kusimulia kosa lake mwenyewe. Lakini kosa likifichwa, jirani naye atalirudia.

Jioni moja tulikuwa tumekusanyika na watu wa shirika letu, huku Kadutu, mjini Bukavu. Mzee mmoja, seremala, alikuwa akitusomea. Mara ulimi ukawa mzito, kitabu kikamponyoka, na mdomo ukaenda upande. Baada ya nusu saa akasema vizuri tena, akacheka: “Mwalimu, ni uchovu tu.” Mmoja wetu alinong’ona habari za sumu, kama ilivyo desturi hapa Kivu mtu akianguka ghafula. Nasi tuliosoma seminari, tuliozoea kuulizwa mambo yote, tukampa chai ya moto, tukamwambia akalale. Kulipopambazuka mkewe akaja mbio: mzee hasemi, na upande wote wa kuume umepooza.

Tukamshusha mlima kwa machela mpaka hospitali. Daktari akataka kichwa kipigwe picha ya skana; shirika likachanga pesa. Picha ikaonyesha kwamba damu haikumwagika kichwani. Ni mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda. Ndicho kiharusi.

Mwanawe akalalamika: “Kule Ulaya wangempiga sindano ya kuyeyusha damu, naye angeinuka. Sisi maskini twafa bure.” Moyoni tulikubaliana naye. Kumbe, tulipoulaumu umaskini, kosa letu lilikuwa jepesi zaidi kulibeba!

Daktari akatujibu kwa upole. Sindano hiyo ipo kweli, na mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Yafaa kwa mtu aliyelemazwa na kiharusi, kama ikitolewa ndani ya saa nne na nusu. Tena iko picha ya namna nyingine: rangi hutiwa katika mshipa wa mkono, na mashine hupiga picha nyingi mfululizo, ili kuona jinsi damu ifikavyo kila mahali katika ubongo. Ni kama bomba la mtaa likiziba: nyumba moja haipati hata tone, nyingine maji yadondoka polepole. Vivyo hivyo sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa yajulikana, na ile yenye kiu ya damu lakini ingali hai.

Basi waganga walitumaini kwamba hata katika kiharusi chepesi, picha zingewachagua watu wa kupigwa sindano. Wakajaribu katika nchi 10, kwa wagonjwa 886 waliochaguliwa kwa picha za mishipa na za mwendo wa damu. Habari zilitoka mwaka 2024. Katika wagonjwa 432 waliopigwa sindano walikufa 20. Katika 454 waliopewa vidonge vya kawaida walikufa 5. Wala sindano haikuponya wengi zaidi.

“Kwa hiyo,” akasema daktari, “jioni ile, dalili zilipokwisha, hata Ulaya pengine mzee asingepigwa sindano. Angepigwa picha ya kichwa upesi, na baada ya kuonekana kwamba damu haikumwagika, angepewa aspirini pamoja na klopidogreli usiku uleule.” Akatueleza habari za China za mwaka 2013. Katika kila wagonjwa 100 wa kiharusi chepesi waliopewa aspirini peke yake, karibu 12 walipatwa tena na kiharusi katika miezi 3; waliopewa dawa zote mbili mapema, karibu 8.

Tukanyamaza. Hizo ni vidonge, si mitambo ya ajabu. Hatuwezi kuapa kwamba mzee angepona, lakini usiku mzima ulipita, nasi ndio tuliompotezea. Siku ile tulikosa haraka kuliko tulivyokosa sindano.

Mzee sasa atembea kwa fimbo, na randa yake aishika mwanawe. Hajatulaumu hata mara moja, nasi ndiyo sababu twaandika.

Ndugu zetu, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito ghafula, mpelekeni mgonjwa hospitali saa ileile, hata kama dalili zimekwisha. Shikeni saa ilipoanza, maana daktari ataiuliza. Msimpe chai wala chakula, asije akapaliwa. Aspirini nayo msimpe kabla ya picha, kwa kuwa damu ikiwa imemwagika kichwani, dawa hiyo yaweza kumdhuru. Na ninyi mlio wazima, nendeni mpimwe tansio, kwa maana ndiyo mama wa viharusi vingi. Wala mtu asimwambie mwenzake akalale, kama tulivyosema sisi.